Kimya Hadi Ijumaa

27 Oktoba, Jumatatu

Shule imefungwa na mimi nimefunguliwa, lakini sijui niende wapi. Nimezunguka boma mpaka Mama akaniuliza kama kuna kitu nimeangusha. Nikasema hapana. Neno hilo moja ndilo nililotamka mchana kutwa.

Mahindi yamekatwa, yamesimamishwa mafungu mafungu shambani kama watu wanaongoja kuitwa. Baba anatazama upande wa Mlima Elgon kila akitoka nje, hata akienda choo.

28 Oktoba

Mvua.

30 Oktoba, Alhamisi

Kabiru amepiga simu. Kabiru ni mtoto wa baba mkubwa, anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, na yeye ndiye aliyeniingiza katika Nzoia nikiwa Kidato cha Pili. Nzoia ni kikundi cha watu wa kujitolea. Tunatengeneza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa ajili ya vyama vya ushirika, shule na zahanati za huku kwetu. Kazi yangu ni kutafsiri maelekezo yawe Kiswahili, kwa sababu naweza kuandika lugha zote mbili bila kufungua mdomo katika lugha yoyote.

"Niaje, Nyambu. Umefunga shule?"

"Eeh."

"Sasa uko na kazi ya maana. Tunapunguza picha."

Picha ndiyo kila kitu kwetu. Mtu akikodi kompyuta ya mawinguni, yaani mashine iliyo katika jumba fulani mbali ambalo hatalikanyaga maishani, mashine hiyo huwa tupu kama nyumba isiyo na hata kijiko. Unaiwasha kwa picha yetu rasmi, yaani nakala ya mfumo mzima, na inaamka ikiwa na yale yote tuliyoweka ndani. Tusichoweka, haina. Kwa hivyo Nzoia hugombana kuhusu jambo moja tu mwaka mzima: nini kiwe ndani, nini kitoke.

Kabiru anataka picha iwe nyepesi. Amependekeza vitu vitolewe, na kimoja ni Shikilia, programu ndogo ya kumshikia mtu kazi mtandao ukipotea.

"Hiyo mzigo tu," akasema. "Anayeitaka si ataiweka mwenyewe?"

Nikasema eeh. Kwa Kabiru mimi husema eeh kabla hajamaliza.

31 Oktoba, Ijumaa

Hakuna jua. Baba ameanza kusema na mahindi.

2 Novemba, Jumapili

Kanisani mchungaji aliita vijana wote mbele waseme majina yao na wanachotaka kuwa. Nikajificha chooni mpaka wimbo wa sadaka. Nimeandika ili nikumbuke jinsi nilivyojidharau nikisimama pale, nikisoma tangazo la kunawa mikono kana kwamba ni barua yangu.

3 Novemba, Jumatatu

Pendekezo la Kabiru limetumwa rasmi kwa kila mwanakikundi. Nzoia haina kura. Sheria yetu ni kwamba pendekezo likitumwa linangoja hadi Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mtu akipinga, tunajadiliana. Asipotokea wa kupinga, limepita. Kimya ni kukubali. Madam Lorraine wa Bungoma ndiye aliyeianzisha sheria hiyo, na yeye ndiye mkubwa wetu. Sijawahi kumwona. Barua zake ni fupi na kavu, nikiziona mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Kabiru ameandika chini: "Nyambu atajaribu picha mpya akiwa Kitale, ambako mtandao ni mbaya. Akiridhika, tumeridhika."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Jina langu halijawahi kuandikwa mahali panaposomwa na watu wazima, isipokuwa kwenye ripoti ya shule.

4 Novemba, Jumanne

Nimejaribu picha. Niliketi dukani kwa Mama, katikati ya mbegu na dawa za ng'ombe, laptopu juu ya gunia la chumvi. Mashine ya mawinguni ikaamka upesi, nyepesi kweli, nikamsifu Kabiru moyoni. Nikaanza kuisasisha kama maelekezo yanavyosema. Ikawa inakwenda vizuri. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati mpaka Mama na mteja wakaanza kuongea kwa vidole, na mtandao ukapotea.

Uliporudi, kazi haikuwepo. Sasisho lilikuwa limekatwa katikati. Nikaizima mashine na kuiwasha tena. Haikuamka.

Zamani, Shikilia ikiwa ndani, ukiingia tu kwenye mashine inakushikia kazi. Mtandao ukipotea, kazi inaendelea huko huko mawinguni bila wewe, na ukirudi unaikuta pale pale, kama mtu aliyeinjika sufuria akaenda kuchota maji. Sasa mtandao ukipotea, sufuria inamwagika.

Nimeliona kwa macho yangu. Nitaandikia kikundi kesho.

5 Novemba

Niliandika. Nikafuta.

6 Novemba, Alhamisi

Niliandika tena, kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nilionekana nina kiburi. Kwa Kiswahili nilionekana nalia. Na kila mara nilimwona Kabiru akiisoma ofisini kwake. Kabiru alinifundisha kuandika amri ya kwanza kabisa, mimi nikiwa na uji mdomoni. Nani atamwambia mtu huyo mbele ya watu kwamba amekosea? Tena huenda ni laptopu yangu. Huenda ni mvua ya Kitale tu. Kimaiyo wa Eldoret ni mtaalamu wa usalama, ataona. Madam Lorraine ataona.

7 Novemba, Ijumaa

Saa kumi na mbili imepita. Hakuna aliyeandika. Kabiru amenitumia kidole gumba.

10 Novemba

Tumepukuchua kidogo. Punje zina maji, ukiziuma hazilii.

14 Novemba, Ijumaa

Picha mpya imetoka. Jioni Baba alirudi na habari kutoka ushirika. Chama chetu kina mashine moja ya kukausha mahindi, draya inayovutwa na trekta kutoka shamba hadi shamba, na mwaka huu bila jua kila mtu anaitaka leo leo. Foleni yake inapangwa na karani anayeitwa Cherono, msichana wa upande wa Endebess, mlimani. Foleni iko kwenye kompyuta ya kukodi, nayo inatumia picha ya Nzoia.

"Cherono anasema kompyuta yao imeletewa kitu kipya," Baba akasema. "Ati nyepesi."

Nikaacha kula.

15 Novemba, Jumamosi

Nimempigia Cherono. Nilijiandaa asubuhi yote nikiongea na ukuta. Akashika upesi.

"Sasa. Nani?"

"Mimi Nyambu. Wa Mzee Gathii."

"Ah, wa Mzee Gathii. Baba yako ananisumbua, bana. Kila siku, Cherono, nimefika namba ngapi." Akacheka. "Sema, mama."

Nilitaka kusema usisasishe mvua ikinyesha. Lakini alikuwa anafurahi, na nyuma yake niliwasikia watoto na mbwa, nikauliza tu mambo yanaendaje. Akasema vizuri, anafuata maelekezo ya Kiswahili, yameandikwa vizuri hata yeye anaelewa.

"Si wewe uliandika? Baba yako alisema."

Nikasema eeh.

18 Novemba, Jumanne

Lililotokea limeanza jana. Naandika lote kwa sababu siwezi kukaa.

Cherono alifungua maelekezo yangu. Yanasema, kwa maneno yangu mwenyewe, "Anza kusasisha, kisha subiri." Akaanza, akasubiri. Mvua ikaja kutoka mlimani, mtandao ukapotea. Alipoupata, mashine ilikuwa imekufa kama ile yangu. Foleni yote ya draya ilikuwa ndani. Nakala ya mwisho aliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki iliyopita, na tangu hapo watu walikuwa wamebadilishana zamu, wengine wamekwisha, wengine wameongezeka.

Kiptum, dereva wa trekta, hakujua aende wapi. Kila aliyempigia simu alisema ni zamu yake. Kwa hiyo akaipeleka draya kwa walio karibu na barabara, ambako trekta haitakwama.

Walio karibu na barabara ni sisi.

Leo niliamka nikaikuta nje, inanguruma, na Baba amesimama kando yake akiwa amevaa koti la mvua, uso wake kama wa mtu aliyezawadiwa. Saa nne Cherono akaja mwenyewe kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Ni mdogo kuliko sauti yake.

"Mzee Gathii, habari ya asubuhi. Zamu ni ya Mama Jepkosgei kule juu. Yake yameanza kuchipuka."

Baba akamtazama Kiptum. Kiptum akaitazama trekta.

"Mimi sikuiita," Baba akasema. "Imekuja yenyewe."

"Najua. Nakuomba tu."

Baba hakujibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaingiza mkono kwenye punje kuona kama zinapata joto, na draya ikaendelea kunguruma. Cherono akangoja, akangoja, halafu akapanda pikipiki akaondoka.

Mama alikuwa mlangoni na ungo. "Baba Nyambu, hata wewe umejua kunyamaza kama mtoto wako."

Alikuwa anamsema Baba. Hakujua amenipiga mimi.

19 Novemba

Mahindi yetu yamekauka vizuri sana.

21 Novemba, Ijumaa

Mama alinipeleka kwa Mama Jepkosgei na sukari. Ni mjane, anaishi juu kabisa, barabara inapoishia. Alitufungulia ghala. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mahindi yanaweza kunuka hivyo, kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Juu yalikuwa na kuvu ya kijani, na ndani ya rundo, alipotumbukiza mkono, yalikuwa yamechipua vidole vyeupe.

"Hata nguruwe sitawapa," akasema. "Ni sumu hii. Ya shamba la juu bado hayajavunwa. Yale, Mungu akitaka, tutakausha Januari." Akanigeukia. "Na wewe unasoma kitu gani?"

Mama akanijibia: "Kompyuta."

"Vizuri," akasema Mama Jepkosgei. "Basi ambia kompyuta iharakishe."

Hakuwa ananicheka. Hilo ndilo lililonichoma.

23 Novemba

Cherono sasa anapanga foleni kwenye ubao wa ushirika kwa chaki. Vijana wanapita na kuwafuta wanaowachukia. Anasema mashine haigusi tena.

25 Novemba, Jumanne

Madam Lorraine ameita watu wote Mabanga, tarehe sita, katika chuo cha wakulima, tukae uso kwa uso na tuzungumzie picha ijayo. Amepata habari za ushirika wetu. Barua yake ilikuwa na mistari miwili. Kabiru akajibu hapo hapo: "Pendekezo lilipita kihalali. Lilijaribiwa Kitale. Hakuna aliyepinga."

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Nimetembea kutoka dukani hadi mtoni na kurudi.

29 Novemba

Kabiru alipiga. Sikushika. Kabla ya mwaka huu nilikuwa nashika simu yake kabla haijalia vizuri.

3 Desemba

Jua, siku nzima. Kila mtu ameanika kila kitu, hata Biblia.

6 Desemba, Jumamosi

Baba alinipeleka kwa pikapu. Tulipita Kimilili na Chwele, na upande wa Kabuchai tukawa nyuma ya lori la miwa lililoangusha muwa mmoja mmoja kama linatuonyesha njia. Baba hakusema neno mpaka karibu na Mabanga. Halafu akasema, akitazama mbele, "Ile draya. Ningesema ndiyo, ingekuwa imekwenda." Nikangoja aendelee. Akabadilisha gia. Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa, na sikupenda.

Madam Lorraine si mrefu. Nilikuwa nimemfikiria mrefu. Amevaa gambuti na sweta ya shule ya mtoto wake, na alinimiminia chai mwenyewe.

"Wewe ndiye Nyambu wa maelekezo? Keti hapa, mama, usikae mlangoni kama mwenye deni."

Kabiru alikuja amechelewa, mwembamba kuliko Krismasi iliyopita, macho mekundu. Akanishika kichwa kama zamani. "Mbona hushiki simu, wewe?" Nikatazama kikombe.

Kimaiyo akaanza. Ni mtu mpole mwenye sauti ndogo, na anachosema huwezi kukitupa. "Kila kitu tunachoweka ndani ya picha ni mlango. Mlango mmoja zaidi, mwizi ana mahali pamoja zaidi pa kujaribu. Mimi sijali Shikilia ni nzuri au mbaya. Naogopa hesabu ya milango."

"Na mimi nasema," Kabiru akasema, "picha yetu ni ya kila mtu. Tukiweka kile kila mtu anataka, itakuwa duka la mama yako. Samahani, Nyambu. Anayeitaka ataiweka mwenyewe. Dakika moja tu. Na tulijaribu. Hakuna aliyepinga."

Madam Lorraine akanigeukia. "Aliyejaribu yuko hapa. Nyambu, ulionaje?"

Nilifungua mdomo na kilichotoka ni pumzi. Wote walinitazama kwa upole, na upole ni mbaya kuliko ukali, kwa sababu ukali unaweza kuukimbia. Niliona mkono wangu juu ya meza. Nikaona, sijui kwa nini, mkono wa Mama Jepkosgei ukitoka ndani ya rundo.

"Ilikatika," nikasema.

"Nini?"

"Sasisho. Mvua ilinyesha, ikakatika. Mashine haikuamka."

"Lini?" Kabiru akauliza.

"Jumanne. Kabla ya Ijumaa yako."

Nje mtu alikuwa anafukuza ng'ombe kwenye maua.

"Na hukuniambia?" Kabiru hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. "Si ungenipigia tu. Mimi ni nani?"

"Ni kwa sababu ni wewe."

Akaweka kikombe mezani. Sikuona ushindi wowote. Niliona mtu aliyechoka ambaye nilimwachia aanguke kwa sababu nilimpenda mno hata nikashindwa kumwambia kuna shimo.

Nikaendelea, maana nikinyamaza hapo nisingeanza tena. "Unasema anayeitaka ataiweka. Wewe ukiitaka utaiweka, kwa sababu unajua ipo. Cherono hakujua. Alidhani ndivyo kompyuta zilivyo, kwamba ukirudi unakuta kazi yako. Hatukumwambia tumeitoa. Angeombaje kitu asichojua kimeondoka?"

Kimaiyo akakuna kidevu. "Mlango bado ni mlango."

"Ndiyo," nikasema. "Uwekwe na mlinzi."

"Nani?" Kabiru akauliza, polepole. "Aliyeiandika ameacha kikundi. Kukiwa na shimo ndani yake, ataziba nani? Watu wakilalamika, atawajibu nani? Hiyo ndiyo sababu yangu ya kweli, Nyambu. Nimekuwa nikiibeba mwenyewe mwaka mzima baada ya kazi. Nimechoka."

Hakuwahi kuliandika hilo mahali popote. Naye alikuwa amenyamaza.

"Huku kwetu," Madam Lorraine akasema, "anayetaka ng'ombe abaki bomani ndiye anayemkatia nyasi." Akangoja. Hakunitazama, nafikiri makusudi.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Nitaibeba mimi."

"Uko Kidato cha Tatu," Kabiru akasema.

"Naenda cha Nne."

Wakacheka, hata Kimaiyo. Lakini Madam Lorraine hakutoa uamuzi. Akasema picha haiamuliwi chumbani na wachache waliopata nauli. Niandike pendekezo, nitume kwa kila mtu, lingoje hadi Ijumaa kama mapendekezo yote. Na tangu leo, aliyetajwa kuwa mjaribu lazima aandike alichoona, hata kama ni neno moja. Kimya chake hakihesabiki.

"Na ukipingwa, ujibu," akaniambia mlangoni. "Usijifiche."

Sijui nani alimwambia kuhusu choo cha kanisa.

10 Desemba

Kabiru amenionyesha kila kitu cha Shikilia kwa simu, mchana wote, akiwa na homa. Sikumuuliza Ijumaa ya pendekezo langu ikifika atafanya nini. Hakusema.

13 Desemba

Baba alipakia magunia ya mahindi yetu makavu kwenye pikapu akaenda nayo mlimani. Mama alimuuliza ni ya nani. Akasema barabara ikikauka ndipo anaweza kufika. Hilo si jibu, lakini Mama alilikubali.

15 Desemba, Jumatatu

Nimetuma pendekezo. Kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake. Nimeandika nilichoona tarehe nne Novemba, na nimeandika lini nilipaswa kukisema. Mlezi wa Shikilia: Nyambu Gathii, Kitale. Kisha nikatoka nje, nikavuta hewa kama aliyetoka majini.

17 Desemba, Jumatano

Kimaiyo amepinga. Anataka Shikilia ifungwe isiweze kuguswa na mtumiaji mwingine wa mashine ile ile. Ana hoja. Nimerekebisha, nimemjibu. Ameandika: "Mlango umepata kufuli. Naondoa pingamizi."

18 Desemba

Mvua tena. Cherono, ambaye nilimweleza kuhusu pendekezo, amepiga kuuliza kama kikundini bado kuna kimya. Mama Jepkosgei anaanza kuvuna shamba la juu baada ya Krismasi, na ubao wa chaki, ati, umeibiwa.

19 Desemba, Ijumaa

Kutwa nzima nimeshindwa kufanya lolote. Niliuza dawa ya kupe kwa mtu aliyetaka mbegu za sukuma. Kila simu ilipolia niliikimbilia. Saa tisa, hakuna. Saa kumi, Kabiru alionekana yuko mtandaoni, akawa anaandika, akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Nikaiweka simu ndani ya gunia la chumvi ili nisiione, kisha nikaitoa.

Kumi na moja. Kumi na moja na nusu. Mama akafunga duka, akaniambia amechoka kumtazama mtu asiyekuwepo.

Saa kumi na mbili ilipita nikiwa natazama namba zikibadilika. Kikundini hakukuwa na kitu. Kisha ujumbe ukaingia, kwangu peke yangu, kutoka kwa Kabiru.

"Nilikuwa na mengi ya kusema wiki hii. Sijasema hata moja. Unajua maana yake."